Maswali ya wasomaji: Khachatur Abovian, mlima Ararat na riwaya ya lugha ya nyumbani

Toleo lililopita lilikuwa na ukurasa mmoja juu ya riwaya za Armenia. Barua zilizofuata karibu zote zimemwulizia mtu mmoja, Khachatur Abovian, mwandishi wa *Vidonda vya Armenia*, riwaya ya kwanza ya Kiarmenia cha kisasa. Tunazijibu hapa zile zilizouliza jambo ambalo wengine pia watataka kulijua.

Mhariri, salaam. Nimepewa dakika 20 kumzungumzia Abovian mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu. Jina lake naliona limeandikwa namna tatu, tarehe zake zinapishana kwa siku kadhaa, na miji aliyoishi siioni kwenye ramani. Nishike lipi? (Mwalimu wa Kiswahili, Mbale)

Mwalimu, anza na jina. Abovian, Abovyan na Abovean ni mtu yule yule. Tofauti imetoka kwa waliolihamisha jina kutoka herufi za Kiarmenia kwenda za Kirumi. Chagua moja, ulitumie mwanzo hadi mwisho. Ile "kh" ya Khachatur itamke kama "kh" ya "kheri", si kama "k" tupu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna desturi ya kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Kiarmenia hukazia ya mwisho: Khacha-TUR Abo-VYAN. Waambie wanafunzi pia kwamba "khach" ni msalaba, na jina zima maana yake ni "aliyetolewa na msalaba". Mwisho wa "-yan" ni alama ya ukoo, kama mtu aseme "wa kina Abov".

Tarehe zinapishana kwa sababu Urusi ilikuwa bado inatumia kalenda ya zamani. Katika karne ya 19 kalenda hiyo ilikuwa nyuma kwa siku 12. Ukikuta tarehe ya kale, ongeza 12 na utapata ya leo: 3 Oktoba 1809 ni 15 Oktoba 1809, siku aliyozaliwa, 2 Aprili 1848 ni 14 Aprili 1848, siku aliyotoweka. Makosa hutokea mtu anapochukua tarehe moja kutoka kitabu cha kalenda ya kale na nyingine kutoka kitabu cha kalenda mpya, akaziweka kwenye mstari mmoja. Angalia pia usiongeze 13. Hiyo ni tofauti ya kuanzia Machi 1900 (kalenda mpya), wakati Abovian hayupo tena.

Miji imebadilisha majina. Erivan ni Yerevan, mji mkuu wa Armenia. Tiflis ni Tbilisi, mji mkuu wa Jojia. Dorpat ni Tartu, nchini Estonia. Kanaker, kijiji alichozaliwa, siku hizi ni mtaa wa Yerevan, na nyumba yake ni makumbusho tangu 1939. Hapa pana kosa moja la kuliepuka: usiseme alizaliwa Urusi. Mwaka 1809 Erivan ilikuwa chini ya Uajemi. Warusi waliiteka Oktoba 1827, na mkataba wa Turkmenchay wa Februari 1828 ndio uliowakabidhi rasmi. Abovian alikuwa na miaka 18 utawala ulipobadilika, na bila jambo hilo riwaya yake haieleweki.

Kuhusu dakika zako: 3 kwa jina na ramani, 5 kwa maisha, 12 zilizobaki zote zipe lugha na kitabu. Wasemaji wengi humaliza muda wao mlimani Ararat, wakafika kwenye riwaya kengele inalia.

Mimi huwapeleka wageni Rwenzori. Nimesikia mwandishi huyu alifika kilele cha Ararat. Je, ni kweli au ni sifa za waandishi? Na mlima wenyewe ukoje ukilinganishwa na Margherita? (Msomaji, Kasese)

Ni kweli, ndugu, na mlima wenu ndio kipimo kizuri kuliko vyote vya kumwelezea Mganda. Ararat una mita 5,137. Margherita ina 5,109. Tofauti ni mita 28 tu. Lakini usidhani njia zinafanana. Rwenzori unapita msituni, unazama kwenye matope na magugu, mvua inakunyea siku nzima kabla hujaliona barafu. Ararat ni mlima wa volkano uliosimama peke yake juu ya uwanda mkavu, hauna msitu wa kukufunika, na kofia yake ya barafu unaiona tangu chini. Leo uko ndani ya mpaka wa Uturuki, ingawa mtu aliyesimama Yerevan anauona asubuhi kama ukuta mweupe.

Mwaka 1829 alikuja Friedrich Parrot, profesa wa Chuo Kikuu cha Dorpat, akitaka kuupanda na kuupima. Alihitaji mkalimani, na katika makao ya kanisa la Armenia kule Echmiadzin alipewa kijana wa karibu miaka 20 aliyekuwa karani na mtafsiri wa mkuu wa kanisa. Ndiye Abovian. Kambi yao ilikuwa monasteri ya Mtakatifu Hakob, juu ya kijiji cha Akhuri, kwenye kimo cha karibu mita 1,940.

Walijaribu mara tatu. Mara ya kwanza walipitia upande wa kaskazini-mashariki, baridi ikawashinda, nguo hazikutosha. Siku 6 baadaye mkuu wa kijiji cha Akhuri aliwashauri wazungukie kaskazini-magharibi. Walifika mita 4,885, wakaona jua litazama kabla hawajafika, wakageuka. Uamuzi huo, wewe uliyezoea kurudisha watu kutoka barafuni, utautambua. Wangekaza mwendo kwa mita 250 zilizobaki, usiku ungewakuta juu. Mara ya tatu walikata ngazi kwenye barafu kwa mashoka, na tarehe 9 Oktoba 1829, saa 9 na robo alasiri, watu sita walisimama kileleni: Parrot, Abovian, askari wawili wa Kirusi na wanakijiji wawili wa Akhuri. Abovian alichimba shimo kwenye barafu akasimika msalaba wa mti ukielekea kaskazini. Kisha akabandua pande la barafu, akalitia chupani akateremka nalo, kwa kuwa maji ya kilele kile kwake yalikuwa matakatifu. Mwezi uliofuata yeye na Parrot wakapanda Ararat Ndogo, yenye mita 3,896.

Waliporudi, wengi hawakuwaamini, na wakali zaidi walikuwa makasisi. Imani ya wenyeji ilisema mlima ule ulipokea safina ya Nuhu na Mungu hamruhusu mtu kufika juu. Mtakatifu Hakob mwenyewe, ndivyo wanavyosimulia, kila alipopanda alipitiwa na usingizi akaamka akiwa chini tena, hadi malaika akamletea kipande cha safina na kumwambia atosheke. Kwa hiyo kijana wa kanisani aliyetoka kileleni na chupa ya maji alikuwa amegusa jambo zito. Hata hivyo alirudi tena mlimani miaka ya 1845 na 1846, akiongozana na wasafiri wa Ulaya.

Ukitaka kusoma habari hii kwa mkono wa aliyekuwepo, kitabu cha Parrot kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1834 na kwa Kiingereza mwaka 1845. Kwa umri wake kimekwisha toka kwenye hakimiliki, hivyo hupatikana bure katika maktaba za intaneti. Akhuri yenyewe usiitafute: tetemeko na maporomoko ya mwaka 1840 yalikizika kijiji pamoja na monasteri.

Nasoma fasihi chuoni Kampala. Mhadhiri wetu alisema Abovian "aliipa Armenia lugha ya riwaya". Lakini Waarmenia wana alfabeti yao tangu mwaka 405. Sasa aliwapa nini ambacho hawakuwa nacho?

Swali lako ndilo lenyewe, na tutakaa nalo.

Ni kweli, Mesrop Mashtots alitunga alfabeti ya Kiarmenia mwaka 405, ikiwa na herufi 36. Biblia ikatafsiriwa katika karne hiyo hiyo ya 5, na lugha ya tafsiri ile ikawa ndiyo lugha ya kuandikia. Wanaiita grabar, yaani lugha ya maandishi. Shida ni kwamba maandishi yalisimama pale pale na midomo ya watu ikaendelea kutembea. Kufikia wakati wa Abovian karne 14 zilikuwa zimepita. Mama wa Kanaker aliyesikia grabar kanisani aliitambua kuwa ni lugha yake kwa sauti, ila maana ilimpita. Lugha aliyoisema jikoni na sokoni iliitwa ashkharhabar, lugha ya watu wa ulimwengu huu, na wasomi waliiona haifai kitabuni.

Abovian hakuanza kama mpinzani wa grabar. Alilelewa ndani yake: akiwa na miaka 10 alipelekwa Echmiadzin asomee ukasisi, kisha Shule ya Nersisian ya Tiflis, akahitimu mwaka 1826. Baada ya Ararat, Parrot alimtafutia ufadhili wa serikali ya Urusi, naye akasoma Dorpat kuanzia Septemba 1830 hadi mwanzo wa 1836. Huko aliwakuta Wajerumani wakiandika mashairi na tamthilia kwa lugha ile ile waliyonunulia mkate. Aliporudi alifanywa mkuu wa shule ya wilaya mjini Tiflis, na darasani ndipo jambo lilipomkamata.

Anaeleza mwenyewe katika dibaji ya riwaya. Wanafunzi wake walifurahia vitabu vya Kirusi, Kijerumani na Kifaransa, lakini akiwapa cha Kiarmenia walichoka mapema, kwa kuwa kilikuwa cha grabar na kilihusu mambo yasiyogusa maisha yao. Wakati huo huo, akipita njiani, aliona watu wamemzunguka ashugh, mwimbaji wa kutangatanga mwenye kinanda cha nyuzi kiitwacho saz, mara nyingi kipofu, na wamesimama wasitake kuondoka. Msomaji wa Uganda atamwelewa ashugh akimfikiria mwimbaji wa kadongo kamu: mtu mmoja, gitaa moja, na kisa kirefu cha mapenzi au msiba ambacho dereva wa boda anaweza kukirudia neno kwa neno. Nyimbo za maashugh mara nyingi zilikuwa za Kituruki, na Waarmenia walizijua kwa moyo kuliko kitabu chochote chao. Abovian akajiuliza watu hawa wanasimama kwa ajili ya nini. Akaona: maashugh wanasimulia habari za moyo kwa maneno ambayo msikilizaji hahitaji kufasiriwa.

Basi mwaka 1841 akakaa akaandika riwaya kwa lahaja ya Kanaker, jinsi ilivyosemwa, pamoja na maneno yake ya Kiajemi na Kituruki. Msomaji wa Kiswahili angeyatambua baadhi: watu wa kule walisema *dunya* kwa dunia na *bazar* kwa soko, kwa sababu maneno hayo yalisafiri pande zote mbili za bahari. Msomi wa grabar aliyaona ni takataka. Abovian aliyaacha, maana angeyaondoa, asingekuwa anamsikiliza mtu wa Kanaker tena.

Dibaji ile inaanza na kisa cha mfalme Croesus. Alikuwa na mwana bubu. Siku adui alipoinua upanga juu ya baba, woga na uchungu vikamfungua mtoto ulimi, akapiga kelele kumwokoa. Abovian alijifananisha na yule bubu: ameyabeba ya watu wake miaka yote asijue kwa lugha gani ayaseme, hadi maumivu yalipomfungua kinywa. Aliyesema "aliipa Armenia lugha ya riwaya" alimaanisha hivyo. Baadaye Kiarmenia cha Mashariki cha kuandikia, kinachotumika Armenia hadi leo, kilijengwa juu ya lahaja za uwanda wa Ararat. Si lahaja yake moja kwa moja. Wengine walikuja wakaisawazisha, na maneno mengi ya kigeni yakatolewa.

Sisi ni akina mama sita wa Jinja, tunasoma kitabu kimoja kila miezi miwili. Tungependa tukijue kisa kabla ya kuamua. Kuna nini ndani, na msomaji hukwama wapi? (Katibu wa kikundi)

Dada, kisa chenyewe kinashikika. Kinaanza na baridi na theluji, sikukuu ya Barekendan, siku za kula na kucheza kabla ya Kwaresima. Kijiji cha Kanaker kinasherehekea, meza imejaa, mzee wa kijiji anapokea wageni. Katikati ya furaha wanaingia mafarrash, watumishi wa sardari, gavana wa Kiajemi aliyetawala Erivan. Wamekuja kumchukua msichana aitwaye Takuhi wampeleke nyumba ya wake wa sardari. Mama yake analia, wanakijiji wanaogopa. Aghasi, mtoto wa yule mzee, hawezi kuvumilia. Anawashambulia na kuwaua baadhi yao. Kuanzia hapo hana kwao. Anakimbilia milimani pamoja na wenzake, baba yake anatupwa gerezani katika ngome ya Erivan, na vita vya Urusi na Uajemi vya 1826 hadi 1828 vinawakuta wote. Aghasi anakufa wakati ule ule ngome inapotekwa. Ameliona lango likifunguka lakini hakuishi ng'ambo yake.

Wasomaji hukwama sehemu mbili. Ya kwanza ni dibaji: ni ndefu na imejaa hoja za lugha. Ninyi anzeni na sherehe ya Barekendan, mkimaliza riwaya ndipo mrudi kwenye dibaji; itasomeka kama barua ya mtu mnayemfahamu. Ya pili ni mwandishi kuacha kisa ghafla na kuanza kulia, kuomba, kuongea na milima na mito, kurasa kadhaa mfululizo. Mtu aliyezoea riwaya za siku hizi huona hadithi imepotea njia. Haijapotea. Jina la pili la kitabu ni *Maombolezo ya Mzalendo*, na maombolezo huimbwa. Kurasa hizo someni kwa sauti, mmoja asome na watano wasikilize, kama mnavyosikiliza mtu anayeomboleza msibani. Mkizisoma kimya kimya zitawachosha.

Tafsiri ya Kiswahili haipo kwa sasa. Ya Kirusi ipo, na kwa Kiingereza pia kuna mnachoweza kuanzia. Mkitafuta, angalieni kama toleo lina faharasa ya maneno. Hata Waarmenia wa leo huhitaji faharasa, kwa sababu maneno mengi ya lahaja na ya Kiajemi yamekwisha toka vinywani.

Na msishangae mkiona mwaka 1858 kwenye jalada. Iliandikwa 1841, ikachapwa Tiflis miaka 17 baadaye, mwandishi akiwa ametoweka miaka 10. Kitabu kikiwa kimebaki karatasi za mkono muda wote huo, mtu alitegemea kwamba kitapoa. Badala yake kijana mmoja, Perch Proshian, alikisoma kikamsukuma aandike riwaya yake juu ya maisha ya kijijini, *Sos na Varditer*, iliyotoka 1860. Baada yake akaja Raffi (1835 hadi 1888), ambaye riwaya zake zilisomwa gazetini sehemu kwa sehemu. Kikundi chenu kikipenda Abovian, Raffi ndiye anayefuata: kisa chake kinakwenda mbio zaidi.

Nimeambiwa kitabu hiki kinawasema vibaya Waajemi na Waislamu, na kinawasifu Warusi kupita kiasi. Kwa nini tukisome? (Msomaji, Bombo)

Uliyoambiwa yana ukweli, na tusiyafunike. Ndani ya riwaya watawala wa Kiajemi ni wakatili, hasira ya mwandishi mara nyingine inapita mtawala ikagusa dini yake, na jeshi la Urusi linapokelewa kama ukombozi kutoka mbinguni. Abovian aliandika akiwa mtumishi wa shule ya serikali ya Urusi, na akiwa mtoto wa watu walioonja utawala wa sardari. Yote mawili yamo kwenye wino wake.

Msome ukiweka pembeni kazi zake nyingine. Mtu huyu huyu aliandika kwa heshima na kwa udadisi mkubwa juu ya Wakurdi, majirani zake Waislamu, na juu ya Wayazidi, watu wenye dini yao wenyewe. Makala yake juu ya Wakurdi ilitoka katika gazeti la *Kavkaz* la Tiflis mwaka 1848, na wachunguzi wa Wakurdi wanaihesabu miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa za fani yao. Alipenda bayati, mashairi mafupi ya mistari minne ya Waturuki wa eneo lake, akatunga yake kwa mtindo huo. Na kuhusu Urusi, utawala uleule alioupokea kwa machozi ya furaha ulimtesa: shule zake zilikosa fedha, na kitabu chake cha kufundishia kusoma, *Nakhashavigh*, kilizuiwa. Kwa maoni yetu kitabu kisomwe pamoja na makosa yake, na mwalimu anayekifundisha aseme wazi ukurasa gani ni hasira na ukurasa gani ni ushahidi.

Mimi nipo Arua, ninaandika riwaya. Nataka wahusika waseme Kiswahili cha kwetu, cha sokoni na cha stendi, kilichochanganyika na Kilugbara na Kinubi. Rafiki zangu wanasema nitachekwa, niandike Kiswahili sanifu cha vitabuni. Je, kwa Abovian kuna la kujifunza? (Mwandishi chipukizi)

Lipo, ila kwanza tuseme tofauti. Kiarmenia cha Kanaker kilikuwa lugha ya mama ya Abovian. Kiswahili cha Uganda kwa wengi wetu ni lugha ya pili, na wapo wazee ambao wakikisikia wanakumbuka bunduki na vizuizi vya barabarani vya miaka ya nyuma. Katiba ilikitaja kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini woga hauondolewi kwa azimio. Msomaji wako ataleta woga huo kwenye ukurasa wako, nawe uuhesabu.

Sasa aliyoyafanya Abovian. Alichagua kijiji kimoja. Hakuchanganya neno la Tiflis, la Van na la Kanaker kwenye kinywa cha mhusika mmoja. Nawe chagua stendi moja, soko moja, umri mmoja wa wasemaji. Kasoro inayoonekana haraka kwenye miswada ya namna yako ni mhusika anayesema Kiswahili cha Arua ukurasa wa 3 na cha Mombasa ukurasa wa 30. Hapo ndipo msomaji anacheka, na ana haki.

Pili, aliandika kile alichosikia kabla ya kuandika alichofikiri. Fanya hivi: kaa sokoni saa moja kwa siku 5, uandike sentensi nzima zinazosemwa, si maneno ya ajabu peke yake. Neno la Kinubi likitolewa kwenye sentensi yake linakuwa pambo. Sentensi ndiyo inayoonyesha linaingia wapi, mnunuzi anapokasirika au muuzaji anapobembeleza.

Tatu, hakuisahihisha lahaja masimulizi yakifika kwenye jambo zito. Hapa waandishi wengi hulegea: wanamwacha mhusika aongee lugha ya nyumbani akitania, akifiwa wanampa lugha ya vitabu. Aghasi na mama yake wanalia kwa maneno yale yale waliyochezea Barekendan. Ukilitunza hilo moja, hakuna atakayefikiri Kiswahili cha kwenu ni cha kuchekesha tu.

Nne, alilipa gharama. Lahaja nzito ilimnyima wasomaji wa mbali, na leo kitabu kinahitaji faharasa. Wewe unaweza kupunguza gharama hiyo: neno la Kilugbara likitokea mara ya kwanza, liweke mahali ambapo kitendo kinalieleza, usiandike maana yake pembeni. Mtu akinyoosha mkono na kumimina, msomaji wa Masaka ataelewa kilichomiminwa.

Natengeneza kadi za waandishi kwa maktaba ya shule. Kwa Abovian niandike alikufa lini? (Mkutubi, Masaka)

Usiandike "alikufa". Asubuhi na mapema ya tarehe 14 Aprili 1848 alitoka nyumbani kwake Yerevan, alikokuwa mkuu wa shule ya wilaya tangu 1843, na hakurudi. Aliacha mke Mjerumani, Emilie, na watoto wawili. Mwili haukupatikana. Watu wamekisia kwamba aliuawa na maadui, kwamba alikamatwa kwa siri na kupelekwa Siberia, kwamba alijiua, hata kwamba alikwenda Ulaya kujiunga na mapinduzi ya mwaka ule, hakuna lililothibitishwa. Maktaba nyingi huandika 1809–1848, nawe ukifanya hivyo ongeza neno moja. Kadi isomeke: "Abovian, Khachatur. Alizaliwa Kanaker 1809. Alitoweka Yerevan 1848." Na kwenye *Vidonda vya Armenia* weka miaka yote miwili, 1841 ya kuandikwa na 1858 ya kuchapwa, mwanafunzi asije akadhani aliiandika baada ya kutoweka.